Magurudumu Matatu Hadi kwa Mama Igoji

Akina mama wenzangu wa mtaa wa Dallas,

Tangu nirudi hamnipi nafasi hata ya kumeza mate. Anayepita langoni anataka kujua kama ni kweli nilianguka, anayenikuta kanisani anataka kujua kama ni kweli niliombewa, na wawili hao wakikutana sokoni Embu wanatoa hadithi ya tatu ambayo mimi mwenyewe siijui. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, kwa hiyo nitafanya nilivyozoea: nitaandika yote mara moja, mtapeana kusoma. Mama Muthoni, wewe unayetaka kumnunulia mzee wako kigari kama changu, soma mpaka mwisho kabla hujamtuma mtu. Usisome nusu ukaja kunilaumu.

Nianze na lile ambalo niliona haya kuwaambia. Mguu wangu wa kulia ulipokatwa kwa sababu ya sukari, nyinyi mlikuja hospitalini na uji, mkakaa nami, mkaniosha. Mama yangu hakuja. Hakuja kwa sababu hakuambiwa. Ndugu yangu Mutegi, anayeishi naye kule Igoji, alisema mama ana presha na umri umekwenda, habari kama hiyo itamuua. Nilikuwa kitandani, sina nguvu za kubishana, nikakubali. Basi miaka miwili mama akiuliza Kawira yuko wapi, anaambiwa Kawira ana kazi nyingi za shule. Mimi niliyestaafu!

Mwishowe mama alichoka. Alimpa mpwa wangu ujumbe aniambie kwa simu: "Mwambie Kawira kama amenikasirikia, aje tugombane uso kwa uso. Asininyamazie." Siku hiyo sikula. Nilimpigia Mutegi anifuate, akakataa, akawakataza na wapwa wote wenye magari. Ndipo nikatazama kile kigari cha betri alichoniletea binti yangu Makena, nikasema potelea mbali. Mama akiniona kwa mara ya kwanza, nilitaka anione nimekaa wima, ninaendesha, si nimebebwa na wanaume wawili kama gunia. Kama angekufa kwa mshtuko, Mutegi angekuwa amesema kweli, nami ningebeba hilo maisha yangu yote. Hilo ndilo lililokuwa kifuani mwangu njia nzima.

Dallas hadi Runyenjes

Mliniona nikitoka Jumatatu saa moja asubuhi, magongo yamefungwa ubavuni, chaja kwenye mkoba, nguo mbili na dawa zangu. Msichojua ni kwamba nilipofika lami nilisimama dakika tano nzima nikijiuliza kama nina akili.

Kigari hakina kelele. Hapa mtaani tulikuwa tunakisifu kwa hilo, lakini barabarani ni balaa. Watu hawakusikii. Mtu anatembea mbele yako anaongea na simu, mbuzi amelala, na honi yenyewe inalia kama kifaranga mgonjwa. Nilijifunza kupaza sauti ya darasani: "Nipisheni nyuma hapo!" Hiyo ilifanya kazi kuliko honi.

Kabla sijatoka mjini vizuri, waendesha bodaboda watatu walinizingira wakaenda nami pole pole.

"Mathe, hii kitu inakunywa nini?"

"Umeme."

"Na ikikauka hapo kwa barabara?"

"Nitakunywa chai nikingoja mtu kama wewe."

Walicheka. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye pengo la jino, hakucheka sana. Alikuwa anatazama malori yanavyonipita. "Mathe, dere wa lori hatakuona. Wewe uko chini sana. Yeye anaona barabara, haoni wewe." Akavua jaketi lake lile la kung'aa, akauvisha mgongo wa kiti changu. Halafu akakata fimbo kwenye ua wa mtu, akaifunga kitambaa chekundu, akaisimamisha nyuma. Nilimuuliza atafanya kazi na nini. "Nitapata ingine. Wewe fika." Sikumuuliza jina, na mpaka leo najuta. Mama Muthoni, hilo ni la kwanza: kigari bila bendera ya juu ni kutafuta kifo.

La pili nililijua kwa mgongo. Magurudumu ni matatu, moja mbele na mawili nyuma, na ukingo wa lami yetu unamomonyoka kama keki. Mbele kidogo basi lilipiga honi, nikashtuka, nikakata kona kwa nguvu kuelekea pembeni. Gurudumu la nyuma la kushoto likashuka kutoka kwenye lami, na kigari kikalala taratibu kabisa, nikaona majani yanakuja usoni. Kilikuwa na ustaarabu, lakini kilinitupa.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza maparachichi alikuja mbio. Alinishika mabega, akanikalisha, akaanza kunipangusa. Sketi ilikuwa imepanda. Aliona mguu mmoja. Aliganda. Halafu akapiga ukemi: "Mguu! Mguu umebaki wapi? Jameni, mguu ya mama imekatika!" Akaingia mtaroni, anapekua majani, anainua makaratasi, anawaita wengine waje watafute. Wanaume wawili waliacha baiskeli wakaingia naye. Mimi nilikuwa nimepigwa na kicheko na maumivu pamoja, siwezi kutoa neno. Nilipopata pumzi nikapaza sauti: "Acheni kutafuta! Ulikatwa zamani!"

Alitoka mtaroni taratibu, akanitazama, akaketi kando yangu. "Ungesema mapema," alisema. "Roho yangu imeenda na imerudi." Kisha akanikatia parachichi, tukala kwa vidole pale pale, chumvi kutoka kwenye karatasi yake. Sikuumia zaidi ya kiwiko. Tangu hapo, nikikata kona napunguza mwendo na naegemeza mwili upande ninaokwenda, kama waendesha bodaboda wanavyofanya.

Simu ya Mutegi ilinikuta karibu na Runyenjes.

"Uko wapi?"

"Niko safarini."

"Na gari ya nani?"

"Yangu." Nikakata.

Mkungu wa ndizi

Runyenjes nililala kwa wifi yangu, Mama Njeru, dada ya marehemu mume wangu. Kigari kilikunywa umeme usiku kucha kupitia dirisha la jikoni, na mimi nilikula mukimo mpaka nikafungua vifungo. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa raha tupu.

Asubuhi nikatoka nje na kukuta mkungu mzima wa ndizi mbichi umefungwa nyuma ya kiti kwa kamba za katani. Chini yake kulikuwa na nduma, na juu yake ndengu kutoka Siakago ndani ya mfuko.

"Wifi, hii ni nini?"

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa mama."

"Mama yako ni nani kwetu?"

Nilielewa. Nanyi mnaelewa. Mama yangu ni mkwe wa nyumba ile. Watu wa Embu walimchukua binti yake, na sasa binti anarudi kumwona akitokea kwenye mlango wao. Aende mikono mitupu? Hata nikimwambia wifi kwamba gari lina magurudumu matatu tu, angeona ninamtukania ukoo. "Hatujamsalimia mama huyo tangu tumzike kaka," alisema, akavuta kamba ya mwisho. Sikupinga. Hilo ndilo kosa langu, na ningelirudia.

Barabara ilipokuwa tambarare sikuona tofauti. Nikiteremka kuelekea mto Thuci nilishika breki kwa mikono miwili, nikaenda moja kwa moja bila kupinda, nikavuka daraja nikimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikaanza kupanda.

Nilikuwa nimepanda kipande kidogo tu pale usukani ulipokuwa mwepesi. Mwepesi mno. Nikaugeuza, kigari hakikugeuka. Nikachungulia: gurudumu la mbele lilikuwa hewani, linazunguka taratibu, halijagusa kitu. Ndizi zilikuwa zinanivuta nyuma. Nikaachia kishikio cha mwendo, kigari kikasimama palepale, lakini nimeelekezwa mawinguni. Nikiegemea nyuma hata kidogo, tunapinduka sote, mimi chini na ndizi juu. Nikaukumbatia usukani kwa kifua, nikabaki hivyo. Lori likapita, upepo wake ukakitikisa kigari. Nilimwona mama akilini, ameketi anangoja mtu wa kugombana naye, na mtu huyo amekufia Thuci chini ya ndizi.

Wanaume wakaja. Mmoja akasema wanibebe mimi, wakiache kigari. Mwingine alikuwa na wazo lake.

"Mathe, tupa hizi ndizi. Hizi ndizi zitakuua."

"Ni za mkwe," nikasema.

Hakuna hata mmoja aliyerudia neno la kutupa.

Hapo ndipo mama mmoja alipotokea, anapanda mlima na gunia la viazi mgongoni, ukanda wake umepita kwenye paji la uso kama mama zetu walivyobeba. Baadaye aliniambia anaitwa Gatwiri. Hakuuliza kitu. Alishusha gunia, akazunguka mbele, akakalia pale pa kuwekea miguu kwa uzito wake wote, na uzito haukuwa haba. Gurudumu likashuka chini, tap! Nilitaka kumbusu.

Kisha akaanza kugomba. "Nani alifunga mzigo hapa nyuma? Hata mtoto hawezi. Sisi hubeba mzigo karibu na shingo. Ikishuka hapa matakoni, inakurudisha nyuma, unaenda kama kaa. Hii gari ni mgongo tu, si ni hivyo?" Wanaume walitazama chini kana kwamba wao ndio waliofunga. Gatwiri akanitazama mimi, akatazama pale chini palipokuwa na mguu mmoja, akafikiri.

"Na hapa hakuna mguu?"

"Hakuna."

"Si tuweke hapo?"

Ndugu zangu, tangu nilipotoka hospitalini nafasi ile tupu ilikuwa inaniuma macho. Nilikuwa naifunika kwa leso hata nikiwa peke yangu. Siku hiyo mkungu wa ndizi ulisimamishwa pale pale, ukafungwa kwenye nguzo ya usukani, na ukatosha kana kwamba umepimwa. Nduma na ndengu zikahamishiwa chini ya kiti. Gurudumu la mbele likakanyaga lami kwa nguvu, na tukapanda mlima ule, mimi ninaendesha, Gatwiri kando yangu na gunia lake, akinisimulia jinsi mumewe asivyojua kufunga hata kuni. Kwa mara ya kwanza nafasi ile ilikuwa na kazi. Nilimwambia hivyo, akasema, "Basi usilie, utatoka barabarani."

Hemani

Milima hula betri. Karatasi iliyokuja na kigari inasema maili nyingi za kupendeza, lakini aliyeiandika hajawahi kutoka Runyenjes kwenda Chuka. Kabla ya kufika mjini, taa ya betri ilibaki moja, ikawa nyekundu, ikaanza kupepesa. Mbele, kwenye uwanja, niliona hema kubwa na nikasikia jenereta. Nikasema, penye jenereta pana soketi.

Sikujua nimejiingiza wapi. Nilipokata kona kuingia uwanjani, kwaya ilikuwa inaimba, na wahudumu wenye mikanda ya kijani wakaniona: mama mtu mzima, mguu mmoja, juu ya gari, anakuja mwenyewe kuelekea madhabahuni. Wakapiga vigelegele. Wawili wakashika kigari nyuma wakaanza kunisukuma kwa nguvu ya Roho. Na hapa Mama Muthoni andika: kigari hiki hakisukumwi mpaka kile chuma kidogo cha nyuma kishushwe, maana breki hujifunga yenyewe. Walikiburuta hivyo hivyo, nyasi zinang'oka, mimi ninapiga kelele "Ngojeni! Ngojeni!" nao wanasikia "Haleluya!"

Nikajikuta mbele ya watu wote. Mchungaji, mtu mpole wa makamo, akaniinamia na maikrofoni.

"Mama, unataka Bwana akufanyie nini leo?"

Nilikuwa mbele za Mungu na mbele ya kipaza sauti. Sikuweza kusema uongo. "Mchungaji, naomba soketi."

Watu wakaanza kucheka, kicheko kikaenea mpaka nyuma, na mchungaji mwenyewe akacheka akafuta macho. Jenereta ilikuwa imejaa waya. Wakachomoa spika moja ili kunipa nafasi. Mjue maana yake: kanisa la hema kuzima spika kwa ajili ya mtu asiyewajua! Kwaya iliimba na spika moja mchana kutwa, na hakuna aliyenung'unika.

Bado walitaka kuniombea. Nilijua watakachoomba, na sikutaka mtu aniambie nisimame halafu aone nimepungukiwa imani. Kwa hiyo nikamvuta mchungaji nikamwambia ukweli: mguu nimeshaupeleka mbele, msiusumbue. Niombeeni mama yangu. Hajui. Ninakwenda kumwambia, na naogopa nitamuua.

Akanyoosha mkono kwa watu. Hema lote likasimama. Waliomba kwa Kichuka, Kimeru na Kiswahili, kila mtu na sauti yake, wakimwita mama yangu kwa jina nililowapa, watu ambao hawajawahi kumwona. Mama mmoja kando yangu alilia kuliko mimi. Nyinyi niliwaficha jambo lile miaka miwili, na wale niliwaambia kwa saa moja. Mnisamehe. Pengine ni rahisi kumwambia asiyekujua.

Nilikaa hapo mpaka jioni, betri ikajaa kwa kiasi, na mke wa mchungaji akanipeleka kwao Chuka kulala. Alinipikia uji wa wimbi mzito, wenye uchachu wa haki, si huu wa ndimu mnaonipikia nyinyi.

Pickup ya Maua

Kila dereva niliyemwuliza Chuka alisema jambo lile lile: usishuke bonde la Nithi, linalomeza mabasi, na hiyo kitu. Nilikuwa nimejifunza kusikia. Mtaniuliza mbona basi nasema kigari ni kizuri. Ni kizuri kama unajua mahali ambapo hakiwezi, na kinakubali kubebwa.

Aliyenibeba ni Hassan, dereva wa pickup ya miraa. Alikuwa anarudi mjini Maua gari tupu, ameshafikisha mzigo wake Nairobi, na gari lilikuwa limebaki na majani ya migomba na ile harufu chungu ya miraa. Alikuwa amesimama kunywa chai. Mke wa mchungaji alimfahamu, akaenda kumwombea mwalimu nafasi.

Sijawahi kusahau alivyoniuliza. Watu wengi hunikamata tu kwapani wakaninyanyua. Hassan alisimama mbele yangu akasema, "Mwalimu, nikushike wapi?" Nikamwonyesha. Akanishika pale pale nilipomwonyesha, akanikalisha mbele. Kigari kikapandishwa nyuma na watu wanne, kikafungwa kama bibi harusi.

Nilijiandaa kufa. Mnajua pickup za miraa zinavyokimbia. Nilifunga mkanda, nikafumba macho. Baada ya muda nikayafumbua kwa sababu mtu wa baiskeli alikuwa ametupita.

"Hassan, gari lina shida?"

"Hapana. Nimebeba mwalimu na gari yake. Nikikanyaga, itaruka huko nyuma."

Tulishuka Nithi kwa mwendo wa msafara wa mazishi. Pickup nyingine ya miraa ilitupita, ikafunga breki mbele, dereva akaruka nje akiwa na wasiwasi. "Hassan! Uko mgonjwa?" Ya pili nayo ikasimama, huyo akauliza kama mafuta yameisha. Hassan alikuwa anaona haya kwa kweli. "Leo nimeharibu jina," aliniambia. Hata hivyo hakuongeza mwendo mpaka tulipopanda upande wa pili. Chini darajani midomo yake ikawa inasema dua, nami nikasema yangu.

Alitaka kunifikisha mpaka langoni. Nikamkatalia, nikamweleza kwa nini. Alifikiri kidogo. "Ni sawa. Mama akuone wewe mwenyewe umekuja." Akanishusha njia panda, akapanga tena ndizi mahali pake, akanisindikiza kwa macho mpaka nilipopinda.

Langoni

Barabara ya kwetu ni ya murram, na magari yameichimba mifereji miwili. Gari la magurudumu manne hupita humo. La matatu halina pa kupita: nyuma unatumbukia mifereji yote miwili na mbele unapanda tuta la nyasi katikati. Nilikwenda hivyo, juu kwa juu, kwa mwendo wa konokono, nikiogopa kuliko kule Thuci.

Mutegi alikuwa langoni. Mtu alikuwa amempigia simu. Hakunisalimia. Alilishika lango kwa mikono yote miwili.

"Kawira, rudi. Nitakutafutia mahali ulale, tuongee kesho."

"Fungua lango."

"Utamuua. Nakuomba. Mimi ndiye ninayelala naye hapa, mimi ndiye ninayempima presha. Utamuua na wewe utaenda zako."

Alikuwa analia. Nilikuwa nimemkasirikia njia nzima, na hapo ndipo nilipoona kuwa ndugu yangu alikuwa anaogopa tu, kama mimi. Ikatoka sauti ndani ya boma, ile ile ya zamani, kwa Kimeru ambacho nawaandikia kwa Kiswahili: "Mutegi, ni nani huyo unayemfungia lango langu?"

Alifungua.

Mama alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni na ungo wa maharagwe mapajani. Amekonda. Macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo alinyoosha shingo akitazama kitu kinachokuja bila mlio. "Ni Kawira, mama," nikasema. Uso wake ukafunguka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akaukunja tena.

"Umekuja na gari."

"Nimekuja na gari. Na salamu za wakwe zako wa Embu."

Mutegi, kwa kutojua afanye nini na mikono, akaanza kufungua ndizi. Alikuwa anafanya heshima tu, kupokea mzigo wa mgeni. Kamba zikalegea, akauinua mkungu begani, akaondoka nao. Mama akaona.

Aliweka ungo chini taratibu, hakumwaga hata punje.

"Mguu uko wapi?"

"Ulikatwa, mama. Miaka miwili sasa. Ni sukari."

"Siku hiyo nani alikushika mkono?"

"Makena."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Mutegi alikuwa amesimama na ndizi zake begani.

"Nilikuwa hapa," mama akasema. "Nakula. Nalala. Nakucheka kwamba umekuwa mtu wa maana, una kazi nyingi. Mtoto wangu anakatwa, na mimi nakunywa chai." Akamgeukia Mutegi. "Mmenizika nikiwa hai."

Mutegi alitupa ndizi chini, akakimbilia dawa za presha. Mama akamwita arudi. "Kaa chini. Mimi sina kitu. Wewe ndiye unayetetemeka." Kisha akanionyesha kidole nisogee. Nikasogea na kigari mpaka magoti yake yakakigusa. Akaweka kiganja chake pale mguu unapoishia, juu ya sketi, akaanza kulia. Alilia bila haraka, kilio chote alichonyimwa, na mimi nikalia naye kama mtoto mdogo. Nilikuwa nimelia mara nyingi kwa ajili ya mguu ule, lakini sikuwa nimelia na mama. Hakufa, akina mama wenzangu. Alikula jioni kuliko sisi sote.

Asubuhi alikizunguka kigari akiwa na fimbo yake. Magoti yake yamekataa siku nyingi, hajatoka nje ya boma sijui tangu lini. Rafiki yake Karambu anaishi nyumba ya nne kutoka hapo, na hawajaonana muda wote huo, wanatumiana salamu tu kwa watoto wa shule.

"Hii, ukiketi, magoti yanafanya kazi gani?"

"Hayafanyi kazi yoyote, mama."

Akafikiri. "Shuka."

Mutegi alianza kusema jambo, mama akamtazama, naye akayameza maneno yake. Nikahamia kwenye kigoda cha jikoni. Tukampandisha, tukamfunga mkanda, nikamweleza: ukishika hapa unakwenda, ukiachia kinasimama. Aliachia na kushika, akaachia na kushika, akicheka peke yake. Kisha akaelekea langoni, Mutegi akikimbia kando yake mkono mmoja kwenye kiti, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Baada ya muda nikasikia kutoka kule chini ajuza wawili wanaitana majina kwa kelele kama wasichana kisimani.

Nilikuwa nimekwenda kukaa siku tatu. Nilikaa wiki tatu, maana kila asubuhi alikuwa na nyumba nyingine ya kwenda. Lakini ile siku ya kwanza ndiyo ninayoibeba. Nilibaki jikoni juu ya kigoda, mguu mmoja, magongo mbali, sina pa kwenda, nikichambua maharagwe yake mpaka saa nane. Sijawahi kufurahi kuachwa namna ile.